Skrini Nyeusi Huruma: Kabla Utupe Hiyo Raspberry Pi, Soma Hii Kwanza

Ni Jumamosi saa moja usiku pale Huruma. Hii ya Eldoret, si ile ya Nairobi karibu na Mathare, tusichanganyane. Kibanda yako ya muvi imejaa mpaka mlangoni, kila mtu ashatoa mbao yake, na watoto wa mbele wanamuita DJ Afro kwa jina kana kwamba anawasikia. Stima inacheza kidogo, inapotea, inarudi. Unachukua rimoti, unawasha TV. Inaandika No Signal.

Unachomoa waya, unarudisha. Bado. Unagonga TV mgongoni. Bado. Msee mmoja wa nyuma anaanza kuitisha mbao yake, na wewe unajua vizuri ukirudishia mmoja umerudishia wote.

Jumatatu asubuhi unabeba hiyo kompyuta ndogo mpaka tao. Fundi anaiangalia sekunde kumi, anakuambia bodi imechomeka, nunua ingine. Na bei ya Raspberry Pi unaijua, hiyo ni rent ya keja na chenji inabaki. Wakati mwingine fundi amesema ukweli. Lakini mara nyingi bodi iko hai kabisa, iko hapo inafanya kazi yake, ni vile tu haiwezi kukuonyesha. Kilichokufa ni picha peke yake.

Halafu unaingia YouTube kutafuta dawa. Unapata video ya 2017, msee anakuambia ongeza mistari mitatu kwa faili fulani, unaongeza, hakuna kitu inabadilika. Si ati wewe ni mjinga. Ushauri huo ni mzee kuliko draiva yako ya grafiki, na hilo ndilo linasumbua wasee wengi wa hizi kompyuta leo. Kwa hivyo tulia, tuipange pole pole.

Kwa wale hawajawahi kukutana nayo, Raspberry Pi ni kompyuta nzima iliyobanwa kwa bodi saizi ya kadi ya ATM. Ya kwanza ilianza kuuzwa 29 Februari 2012 huko Uingereza, Model B ikiwa dola 35, na lengo lilikuwa watoto wajifunze kuandika programu. Mtaani tuliipatia kazi ingine: muvi, gemu za zamani, matangazo kwa skrini ya duka. Inakula stima kidogo sana kwa hivyo token haikimbii, na inatumia Linux ya bure.

Anza na chaja, sio draiva

Najua unataka tuingie kwa draiva mara moja. Ngoja. Angalia taa kwanza. Kwa Pi 3 na Pi 4, taa nyekundu inasema stima imefika, ile ya kijani inacheza cheza wakati kadi ya memori inasomwa. Kijani ikicheza bila mpangilio kwa dakika nzima, hiyo kitu iko hai, inawaka, na shida yako ni ya picha. Ikipiga mara nne, inanyamaza, inarudia nne, haijaona faili inaitwa start.elf. Ikipiga saba, haijaona kerneli yenyewe. Nne na saba zote ni story ya kadi, na stima ikipotea ghafla mara kwa mara kadi ndiyo huumia wa kwanza. Hapo bodi haina makosa.

Sasa chaja. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Wewe umeweka chaja ya simu imeandikwa 33W kwa maandishi makubwa, ukasema hii ni mnyama. Hebu geuza usome yale maandishi madogo nyuma. Hizo wati 33 inatoa tu ikiongea na simu yake kwa volti za juu, na Pi haiongei hiyo lugha. Kwa volti 5 unaweza kupata imeandikwa ampea 2 peke yake. Ongeza waya mwembamba wa kununua kwa mkokoteni na flashi ya USB ya kunyonya stima upande wa pili, umemaliza hesabu.

Hii inaingiliana aje na picha? Pi ikianza muvi, kazi inaongezeka, volti inaanguka. Ikishuka chini ya 4.63 inapunguza kasi yenyewe na kukuwekea alama ya radi kwa kona ya skrini. Skrini inaweza kuzima sekunde mbili ikarudi, au mashine ijizime na kujiwasha. Ukiangalia kwa macho utaapa ni draiva. Ukitaka kujua ukweli iulize mwenyewe:

vcgencmd get_throttled

Ikijibu throttled=0x0, stima iko fiti tangu iwake. Ikijibu 0x50005, ina njaa saa hii unapoongea nayo. Ikiwa 0x50000, saa hii iko sawa lakini ilishinda njaa mahali fulani tangu uiwashe. Nunua chaja ya kweli kabla ugeuze faili yoyote, ama utakuwa unatibu malaria kwa mtu anayeumwa na meno.

Joto pia huwa linasingiziwa. Kuanzia digrii 80 Pi inapunguza mwendo, na amri ya vcgencmd measure_temp itakuambia iko wapi. Lakini sisi tuko Eldoret, bana. Mwezi wa saba huku hata wewe unahitaji kuwekewa hita. Labda kama umeificha nyuma ya TV ndani ya boksi la mbao lisilo na tundu.

Soja wa geti

Hapa ndipo utaelewa kwa nini ile video ya 2017 ilikuangusha.

Fikiria ploti. Kwa Pi za zamani, chipu ya grafiki ilikuwa na soja wake wa geti, programu iliyofungwa ya kampuni ya Broadcom, inayokaa ndani ya chipu yenyewe. Linux ilikuwa mpangaji tu. Ikitaka picha itoke inamwambia soja, na soja ndiye anaamua itoke saizi gani na kwa waya gani. Funguo zote ziko kwa mfuko wake. Ile mistari ya hdmi_group, hdmi_mode na hdmi_force_hotplug unayoambiwa uongeze kwa config.txt ilikuwa barua za kumwandikia huyo soja.

Halafu wapangaji wakataka funguo. Mwaka 2014 jamaa anaitwa Eric Anholt aliingia Broadcom, akaanza kuandika draiva huru inayoitwa vc4. Baadaye ikaja v3d ya Pi 4, na kampuni ya Igalia kutoka Uhispania ikaendeleza hiyo kazi. Kwa Pi 4 hizi mbili zimegawana zamu: vc4 inatoa picha kwa HDMI, v3d ndiyo inachora. Katikati kukawa na mpango wa nusu nusu unaitwa fkms, na hiyo f ni ya feki, hawakuficha. Linux inashika funguo chache, soja anabaki na zingine.

Novemba 2021, toleo la Bullseye likatoka na soja akapelekwa nyumbani. Linux ndiyo inaamua kila kitu kuhusu skrini, kupitia mstari mmoja kwa config.txt:

dtoverlay=vc4-kms-v3d

Oktoba 2023 likaja Bookworm, likaongeza machungu mawili. Faili zikahama kutoka /boot kwenda /boot/firmware, na desktopu ya Pi 4 na Pi 5 ikatoka X11 ikaingia Wayland. Kwa hivyo wewe unafungua /boot/config.txt kama ulivyofundishwa, unapata ujumbe umeandikwa usihariri hii faili, imehama. Wengi hawasomi huo ujumbe. Na hata wakifika kwa faili ya kweli, wanaandika hdmi_mode, yaani barua kwa soja alishaacha kazi.

Lakini soja hajaenda kabisa. Ile rangi ya upinde wa mvua unayoona sekunde moja ukiwasha, huyo ni yeye, anachora kabla Linux ishike zamu. Na hiyo ndiyo dalili bora zaidi uko nayo, bila kifaa chochote. Kama hakuna upinde wa mvua kabisa, tafuta kwa chaja, kwa waya au kwa kadi. Ukikwama kwa upinde wa mvua na hauendelei, kerneli haijapakiwa, rudi kwa kadi. Lakini ukiona upinde wa mvua, pengine hata maandishi kidogo, halafu giza, basi zamu ilibadilishwa na mpya akashindwa. Hapo sasa ndipo tunasema draiva.

Kipande ya TV

Rudi kwa ile Jumamosi. Stima ilipotea ikarudi. Pi ikirudishiwa stima inajiwasha yenyewe. TV nyingi zikirudishiwa stima zinabaki zimelala mpaka ubonyeze rimoti. Kwa hivyo Pi iliamka, ikaangalia kwa HDMI ikiuliza nani yuko hapo, haikuona mtu, ikaendelea na maisha bila skrini. Ulipowasha TV dakika mbili baadaye, ulikuwa umechelewa.

Kila TV ina kipande yake ndani, inaitwa EDID, inayosema mimi ni nani na naweza kuonyesha saizi gani. Draiva mpya inataka kuona hiyo kipande kabla itoe picha. Soja wa zamani ungemhonga na hdmi_force_hotplug akafungua hivyo hivyo. Huyu mpya hachukui.

Dawa ya haraka, ukiwa na watu wamekukodolea macho: washa TV kwanza, iache ikiwa kwa HDMI, chomoa Pi, hesabu kumi, rudisha. Ukiwa na Pi 4 au Pi 5 hakikisha waya uko kwa ile HDMI ndogo iliyo karibu na tundu la chaja. Ziko mbili, na wengi huchomeka yoyote wakidhani ni sawa. Ile ya karibu na chaja ndiyo ya kwanza.

Dawa ya kudumu iko kwa faili ingine, cmdline.txt, ndani ya /boot/firmware. Ukifungua utapata mstari mmoja mrefu. Enda mwisho wake, acha nafasi moja, uandike:

video=HDMI-A-1:1280x720@60D

Unaiambia draiva kuwa skrini ya kwanza iko, ni ya 1280 kwa 720, na hiyo D ya mwisho inasema toa picha hata kama hujaona mtu. TV yako ikiwa kubwa andika 1920x1080. Usibonyeze Enter hapo katikati. Hiyo faili lazima ibaki mstari mmoja, ukikata inakuwa shida mpya juu ya shida. Hii pia ndiyo dawa ya zile monita za mtumba za VGA tunazotumia na adapta ya bei rahisi, kwa sababu adapta zingine hazipitishi kipande kabisa.

Utaandika aje na skrini ni nyeusi?

Swali zuri. Njia ya kwanza ni simu. Kama Pi ilishawahi kushika hotspot yako, washa hotspot, uangalie kwa orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiiona hapo, ushajua fundi wa tao alikuwa anakubeba. Iko hai, iko kwa mtandao. Weka Termux kwa simu, sakinisha openssh ndani yake, uingie kwa jina lako na ile namba ya IP. Kuongea na Pi kwa hotspot hakukuli bando, kwa sababu data haitoki nje ya simu yako. Bando inaliwa ukianza kushusha programu.

Hii njia inataka SSH iwe imewashwa. Kama haikuwa, tumia njia ya pili ambayo ni ya cyber. Toa kadi, uiingize kwa kompyuta ya Windows. Itakuonyesha sehemu moja ndogo inaitwa bootfs, na papo hapo itakuuliza kama unataka kufomati ile sehemu ingine isiyoielewa. KATAA. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Sehemu ingine ndiyo Linux yako yote, na Windows haiwezi kuisoma ndiyo maana inasema imeharibika. Msee wa cyber akikuambia ni virusi, chukua kadi yako uende.

Ndani ya bootfs, tengeneza faili tupu inaitwa ssh, bila .txt nyuma, na SSH itawaka wakati ujao. Halafu ukiwa hapo hapo fungua config.txt, nakili kwanza uweke kando, kisha weka alama ya # mbele ya dtoverlay=vc4-kms-v3d. Rudisha kadi kwa Pi, washa.

Kwa Pi 3 na Pi 4, hiyo # ni kama kumwita soja arudi kwa zamu moja ya dharura. Picha ikitoka, hata kama ni maandishi matupu au desktopu inayotambaa, umepata jibu: waya ni mzima, TV ni nzima, bodi ni nzima, shida iko kwa draiva au saizi ya skrini. Ikibaki giza, basi si draiva, na umejiokoa siku tatu za kuhangaika na amri. Hakuna jaribio lingine linakupa habari nyingi hivyo kwa alama moja. Ukimaliza toa #, usiishi hivyo, kwa sababu bila draiva kila kitu kinachorwa na prosesa na muvi itaenda kama slaidi za kanisani.

Picha iko, lakini inakwama kwama

Hii ni shida tofauti na inafaa kuulizwa tofauti. Sakinisha mesa-utils, uandike glxinfo -B, utafute jina la anayechora. Pi 4 ikisema V3D 4.2 uko sawa. Pi 5 ni V3D 7.1. Pi 3 itataja VC4. Lakini ukiona llvmpipe, chipu ya grafiki imekaa bure na prosesa ndiyo inafanya kazi yote.

Kwa nini? Pengine kuna mtu aliweka ile # akasahau kuitoa. Pengine jina unalotumia halina ruhusa. Andika groups uone kama video na render zimo. Lakini kwa mitaa yetu kuna sababu ingine nimeona ikirudi rudi: ulikuwa katikati ya kuapdeti, stima ikaenda. Kerneli mpya ikaingia nusu, na draiva zinakaa kwa folda iliyo na namba ya kerneli yake. Andika uname -r, halafu ls /lib/modules. Kama ile namba ya kwanza haipo kwa ile orodha ya pili, kerneli imewaka bila draiva zake, ni kama kufika kazini na kuacha vyombo nyumbani. Maliza kilichokatika:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt update
sudo apt full-upgrade

Kisha iwashe upya. Na msee akikushauri rpi-update, mshukuru tu. Hiyo inaleta kerneli na famuwea za majaribio, ni ya watu wanaotengeneza, sio mtu mwenye wateja wamekaa kwa benchi.

Kama kila kitu kilikuwa sawa na ni programu moja tu ya zamani au emuleta ya gemu ndiyo imekataa tangu Bookworm, si draiva, ni Wayland. Ingia sudo raspi-config, sehemu ya Advanced Options, chagua Wayland halafu X11, ujaribu tena.

Na wale mmenunua Pi 5 mkitarajia muvi zitateleza zaidi, hii itauma kidogo: Pi 5 haina sehemu maalum ya kufungua video za H.264, ambazo ndizo nyingi kwa flashi zetu. Pi 4 inayo. Pi 5 inazifungua kwa prosesa, na kwa sababu prosesa yake ina nguvu hautaona tofauti kwa muvi ya kawaida, lakini ukiona prosesa imepanda juu wakati wa H.264 usianze kutafuta draiva ambayo haipo. Kwa kibanda ya muvi peke yake, mimi ningebaki na Pi 4 na ile pesa imebaki nitafute chaja nzuri.

Basi ikishawaka, usingoje Jumamosi ingine. Nakili hizo faili mbili zikiwa bado nzima:

sudo cp /boot/firmware/config.txt /boot/firmware/config.nzima
sudo cp /boot/firmware/cmdline.txt /boot/firmware/cmdline.nzima

Zitakaa hapo hapo kwa bootfs, na hata kompyuta ya cyber itaziona. Na kuapdeti, fanya Jumanne asubuhi kibanda ikiwa tupu.